Anayeanguka Bweremana Atainuliwa na Nani?

Kwa maumbile peke yake, Ziwa Kivu lingeweza kuwa mahali pa kwanza pa skii ya majini katika Afrika ya Kati. Halina mamba wala viboko, sifa ambayo Tanganyika haina, na Naivasha kule Kenya, ambako watu wameteleza kwa miaka mingi, viboko wake wanajulikana. Maji ya juu hukaa karibu na nyuzi 24 za joto mwaka mzima, kwa hiyo anayeanguka hatetemeki. Hayana chumvi ya bahari inayokula vyuma vya injini. Na alfajiri, kabla upepo wa mchana haujaamka, maji ya ufuo wa magharibi hulala shwari, na ushwari ndio kitu cha kwanza anachokitafuta mtelezaji wa mashindano.

Pamoja na hayo yote, Bweremana, kijiji cha ufuoni katika wilaya ya Masisi kati ya Sake na Minova, hakina klabu ya skii. Majibu mawili hutolewa upesi: vita na umaskini. Siyapingi. Februari 2024 mapigano yalifika Shasha, jirani kabisa, na barabara ya Sake kwenda Minova ikafungwa. Januari 2025 Minova, Sake na Goma ziliingia mikononi mwa waasi wa M23 ndani ya siku chache. Ardhi yenye mambo kama hayo haina haja ya kuulizwa kwa nini haina michezo ya starehe. Lakini vita na umaskini havijawahi kuzuia mpira wa miguu Masisi, hata katika kambi za waliohama makwao. Nikiuchambua mchezo huu kipande kwa kipande, vifaa vyake, maji yake na mwili wa anayeucheza, naona kwamba pengo kubwa kuliko yote liko mahali pasipotazamwa: katika mpango wa kumwinua aliyeanguka, yaani kumtoa majini, kulipima goti lake, na kumrudisha kwenye miguu yake miezi 9 baadaye. Mahali penye mpango huo, skii inaweza kuanza na mbao mbili. Mahali pasipo nao hapatakuwa na mashindano ya maana hata pakiletewa boti ya dola 100,000.

Tuanze na mbao hizo, kwa sababu historia inazithibitisha. Mwaka 1922, katika mji mdogo wa Lake City, Minnesota, kijana aitwaye Ralph Samuelson alinunua mbao mbili za msonobari zenye urefu wa futi 8. Alizichemsha ncha ndani ya sufuria ya shaba ya mama yake hadi zikalainika, akazipinda na kuzibana mpaka zikakauka na mkunjo wake. Miguu aliishikiza kwa vipande vya ngozi. Kamba ilikuwa kamba ya madirisha, na kishikio kilikuwa pete ya chuma aliyotengenezewa na mhunzi. Kaka yake aliendesha boti. Baada ya siku kadhaa za kuzama, tarehe 2 Julai, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, Samuelson aliinuka akasimama juu ya maji ya Ziwa Pepin. Ziwa hilo lilikuwa na wavuvi na maseremala, kama letu.

Ufuo wa Kivu una mafundi wenye uwezo huo. Anayechonga chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kwa mkaratusi, akaisawazisha ibebe magunia ya viazi na makaa kutoka milimani bila kupinduka, anajua ubao unavunjika wapi na unavumilia wapi. Kumwomba achonge jozi ya skii za kujifunzia ni kumwomba kazi ndogo kuliko anayoifanya kila wiki. Na kwa anayeanza, kamba ya mguu iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa pikipiki ina faida moja kubwa: inaachia. Nitaeleza baadaye kwa nini neno hilo, kuachia, ndilo kiini cha mambo yote.

Kutoka mbao za Samuelson hadi mashindano ya leo kuna safari ndefu. Ubingwa wa dunia ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1949 huko Juan-les-Pins, Ufaransa, na mwaka 1972 skii ya majini ilionyeshwa katika Olimpiki ya Munich bila kuingizwa rasmi. Fani zake za asili ni tatu: kupinda kati ya maboya, mitindo, na kuruka kwa kutumia jukwaa la mteremko. Ya kwanza ndiyo inayoonyesha vizuri ukali wa mchezo. Boti hupita katikati ya njia yenye urefu wa mita 259. Maboya 6 yamewekwa kushoto na kulia kwa zamu, kila moja likiwa mita 11.5 kutoka mstari wa katikati, na mtelezaji lazima ayazunguke yote kwa nje. Kwa wanaume mwendo wa juu ni kilomita 58 kwa saa, kwa hiyo njia nzima huisha kwa sekunde 16 hivi. Anayefaulu hapewi boti yenye kasi zaidi, hufupishiwa kamba. Inaanza na mita 18.25, inashuka hatua kwa hatua hadi 11.25, 10.75, 10.25 na chini yake. Hapo kamba ni fupi kuliko umbali wa boya lenyewe. Kinachojaza pengo ni mkono ulionyooshwa na mwili uliolala karibu kugusa maji.

Mtu akishaelewa hesabu hiyo, anaelewa pia kwa nini vifaa vya mchezo huu husumbua sana. Kila kitu kinafanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake.

Boti ndiyo tatizo la kwanza kutajwa, na kwa Kivu lina sura yake. Boti za mashindano hubeba injini kubwa ndani ya tumbo lake, tumbo lililochongwa ili mawimbi ya nyuma yawe madogo, na kifaa cha setilaiti hushika mwendo usipungue wala kuzidi. Boti za kwetu, zile zinazobeba watu na mizigo kati ya Goma, Minova na Bukavu, hutumia injini za kufungwa nyuma, nyingi za nguvu za farasi 40 au chini yake. Sasa, Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Farasi 40 zilizoandikwa kwenye kifuniko zinakuwa 34 hivi. Zaidi ya hapo kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani humimina esansi nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi huingia masizi, moshi huwa mweusi, na injini hukohoa wakati ule hasa inapotakiwa kuvuta. Dawa inajulikana: tundu dogo zaidi la kabureta, na rafadha yenye mteremko mdogo ili injini ifike kwenye mizunguko yake. Kwa marekebisho hayo, injini ya farasi 40 kwenye boti nyepesi itamwinua kijana mwembamba juu ya skii mbili. Mtu mzima juu ya skii moja haitamwinua, na anayejaribu kumlazimisha atamvuta majini muda mrefu mpaka mikono au misuli ya paja ishindwe. Kwa maneno mengine, injini dhaifu haiharibu mchezo tu, inaumiza.

Kisha kuna esansi yenyewe. Inayouzwa na akina Kadhafi wa barabarani, kwa chupa na bidoni, hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye tangi, na maji au mafuta ya taa huingia njiani. Kwa chombo cha abiria injini ikizima katikati ya ziwa ni hatari iliyo wazi. Kwa mtelezaji ni hatari ya aina nyingine: boti inapokata ghafla kamba hulegea, na inaporudi kuwaka humkuta ameegemea nyuma, hajajiandaa. Bega linaweza kupasuka katika mshtuko huo. Kichujio kinachotenganisha maji na mafuta kinapaswa kununuliwa kabla ya skii yoyote ya kisasa.

Kamba nayo ina mashaka yake. Iliyo rahisi kupatikana ufuoni ni nailoni ya kuvulia na kutia nanga. Haifai. Nailoni hunyooka kama mpira, na ikikatika au ikiachwa chini ya mvuto mkubwa hurudi kwa nguvu kuelekea botini. Tena huzama, na kamba iliyozama huifuata rafadha. Inayotakiwa ni ile ya polipropilini inayoelea na kunyooka kidogo tu. Ila jua la karibu na Ikweta, kwenye mwinuko wetu, huila polipropilini haraka. Nyuzi zikianza kutoa unga mkononi, kamba hiyo imekwisha, hata kama macho hayaoni mkato. Mpira wa viatu hupatwa na hivyo hivyo. Vifaa vya skii vikiachwa juani kwenye mchanga msimu mmoja vinakuwa vya kutiliwa shaka vyote.

Nafika sasa kwenye kuachia. Skii ya mashindano ni ya nyuzi za kaboni, ina pezi chini yake ambalo wataalamu hulipima kwa sehemu ndogo sana za milimita, na ina viatu vinavyoushika mguu imara. Mguu ukishikwa kwa ulegevu, skii huchomoka katikati ya mpindo na mtu huanguka bila sababu. Ukishikwa kwa nguvu mno, mtu huanguka skii isitoke, na ubao wenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu unakuwa wenzo wa kuusokota mguu. Baya kuliko yote mawili ni mguu mmoja kuachia na wa pili kubaki. Mwili mzima huzunguka kwenye kifundo au goti moja. Ndiyo maana baadhi ya mabingwa hufunga viatu vyote viwili kwenye bamba moja, ili vikitoka vitoke pamoja. Hakuna jibu lisilo na kasoro, na wataalamu bado hawakubaliani. Lakini kuna kazi moja ambayo haigharimu kitu: kabla ya kuingia majini, mtelezaji anajaribu viatu vyake nchi kavu, anakagua kila skrubu, anahakikisha mwenzake ameona vinatoka. Kiatu cha mtumba kilichonunuliwa bila jaribio hilo kina hatari kubwa kuliko ubao wa fundi wa chukudu wenye mpira wa pikipiki.

Ziwa lenyewe lina masharti yake, na hapa mgeni anayekuja na kitabu cha mashindano mkononi atahitaji kusikiliza wenyeji. Saa nzuri ya skii ni alfajiri. Saa hiyo hiyo wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza wanarudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu, baada ya usiku wa taa na nyavu. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na tangu hapo uvuvi wao umekuwa riziki ya ufuo wote. Mchezo hauwezi kugombea saa na riziki. Njia ya maboya lazima ikubaliwe na wavuvi, iwe mahali ambapo nyavu hazitegwi, na mitumbwi ipishwe kila inapopita. Zaidi ya adabu, hiyo ni hesabu ya usalama: wavu unaoelea nusu ya kina cha mkono hauonekani kutoka kwenye boti, na mwenye skii moja akiugusa kwa kilomita 50 kwa saa hatakuwa na muda wa kufanya lolote.

Kina pia ni taabu. Kivu hufikia mita 485 mahali pake pa chini kabisa, na sehemu nyingi huporomoka ghafla hatua chache tu kutoka ufuoni. Maboya 6 ya kuzungukwa, pamoja na yale ya kuongoza boti, yanahitaji nanga, na huwezi kutia nanga kwenye shimo. Kilichopo ni njia ya kubebeka: waya mmoja mrefu uliotandazwa chini kidogo ya maji, wenye mikono ya kushikia maboya, ukafungwa ncha mbili tu. Huo unaweza kutandazwa asubuhi na kukunjwa kabla ya boti za soko kuanza kupita.

Mahali pamoja ningepakataza kabisa. Ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, inavutia kwa utulivu wake, kwani imetengwa na ziwa kubwa na kizingiti cha chini ya maji chenye kina cha takriban mita 10 tu. Lakini utengano huo huo, pamoja na volkano zilizo chini na kando yake, umeifanya ijae hewa ya kaboni karibu na uso wa maji kuliko sehemu nyingine za Kivu. Kandokando ya ufuo huo wa kaskazini, mabonde ya mawe ya lava hutoa mazuku, hewa nzito isiyoonekana inayolala chini na kuua mbuzi, na watu pia. Mtelezaji aliyeanguka huelea akisubiri boti, kichwa chake kikiwa sentimita chache juu ya maji, akipumua kwa kasi. Hapo ndipo mahali pabaya kabisa pa kupumulia katika siku isiyo na upepo. Wanaosema waachwe vijana wajaribu popote penye maji tulivu hawajafikiria jambo hili.

Sasa mwili. Jeraha la anayeanza na la bingwa hayafanani. Anayeanza huumia mara nyingi wakati wa kuinuka. Ameambiwa akunje magoti karibu na kifua, anyooshe mikono, aiache boti imwinue. Badala yake anasimama mapema, magoti yakiwa yamenyooka, na boti inamvuta kifua mbele huku miguu ikizuiwa na maji. Misuli ya nyuma ya paja hunyooshwa kupita kiasi na inaweza kung'oka pale inaposhikana na mfupa wa makalio. Mtu husikia mlio, paja huwa jeusi siku chache baadaye, na kukaa kwenye benchi kunauma. Jeraha hili hudharauliwa kwa sababu mtu bado anatembea, na likiachwa miezi misuli hujivuta juu na kushona kwake kunakuwa kugumu. Bingwa, kwa upande wake, huumia goti, kifundo, bega, mbavu, na katika kuruka, kichwa. Maji kwa mwendo huo si laini. Sikio linalopiga maji ubavu linaweza kupasuka ngoma. Kidole au mkono uliopita ndani ya kishikio au kuzungukwa na kamba wakati boti inaanza kuvuta ni ajali ya kukata kiungo, na mtazamaji wa pili ndani ya boti, yule ambaye kazi yake yote ni kumwangalia mtelezaji, yupo hasa kwa ajili ya kuizuia.

Goti linastahili maneno zaidi, kwa sababu ndilo linaloamua kama mtu atarudi. Ukano unaopita katikati ya goti ukikatika, mara nyingi husikika mlio, na goti huvimba ndani ya saa chache kwa damu. Kuutambua hakuhitaji mashine. Mganga aliyefunzwa humlaza mgonjwa, hukunja goti kidogo, hushika paja kwa mkono mmoja na kuvuta mfupa wa muundi mbele kwa mwingine. Mfupa huo ukiteleza bila kugonga mwisho imara, jibu limepatikana. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kufundishwa kipimo hiki, na hospitali kuu ya Kirotshe iko njiani kati ya Sake na Bweremana.

Mara baada ya jeraha, familia nyingi zitampeleka mtu kwa muunga mifupa, na nina heshima na sababu zao: yuko karibu, anaongea lugha yao, hachukui fedha wasizonazo. Lakini mambo mawili anayoyafanya kwa nia njema huleta madhara kwenye jeraha la namna hii. Kukanda goti bichi kwa maji ya moto huongeza damu ndani yake. Na banzi zilizobanwa sana juu ya mguu unaovimba hukata damu. Vidole vikipoa, vikipauka na kufa ganzi, saa zinahesabiwa kabla mguu haujapotea. Madaktari katika nchi nyingi za Afrika wameandika juu ya miguu iliyokatwa kwa sababu hiyo tu. Ningependa kila klabu ya michezo ya majini, au ya mpira, imwalike muunga mifupa wa kijiji kwenye mafunzo yake ya kwanza na kumwonyesha dalili hizo tatu. Yeye ndiye atakayewaona wagonjwa kabla ya daktari yeyote.

Kisha huja swali la upasuaji, na hapa kuna habari njema ambayo haijasambazwa vya kutosha. Mwaka 2010 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio la vijana 121 waliokatika ukano huo. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema, nusu wakaanza na mazoezi, wakiruhusiwa kupasuliwa baadaye kama goti lingekataa kutulia. Miaka 5 baadaye, karibu nusu ya wale wa mazoezi walikuwa hawajahitaji kisu, na magoti yao hayakuwa mabaya kuliko ya wenzao. Hii haimaanishi kwamba bingwa wa maboya anaweza kurudi bila ukano. Wengi wa wanaosokota goti kwa nguvu kiasi hicho huhitaji kushonwa. Inamaanisha kwamba kupona kunaanza na kazi ya misuli, na kazi hiyo haina haja ya jengo. Wiki za kwanza ni za kunyoosha goti kikamilifu na kuliamsha paja lililolala. Halafu kukaa na kusimama, kupanda ngazi, kubeba mfuko wa mchanga, kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Milima ya Masisi inatoa mazoezi bure, ila kupanda kuje kwanza. Kuteremka hulibebesha goti mzigo mkubwa zaidi na kungoje. Kupiga kasia kunajenga mabega na mgongo bila kulisokota goti. Kurudi kwenye mchezo kusiamuliwe kwa hamu. Mguu ulioumia uruke angalau asilimia 90 ya umbali wa mguu mzima, na miezi 9 ipite baada ya upasuaji, maana kila mwezi wa subira kabla ya hapo unapunguza sana uwezekano wa kukatika tena.

Kwa mabingwa, subira hiyo ni sehemu ya kazi. Ryan Dodd wa Kanada aliwahi kupasuliwa kichwa kwa damu iliyovilia, jeraha alilolipata nje ya mchezo, akaanza upya polepole. Mwaka 2017 aliruka mita 77.4, zaidi ya mtu yeyote kabla yake. Alikuwa na waganga, wakati na watu wa kumngoja. Kijana wa Bweremana anayeishi kwa kubeba mizigo bandarini hana miezi 9 ya kukaa. Mpango wowote wa mchezo usiomhesabia chakula cha miezi hiyo umemwacha majini.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba Kivu Kaskazini, kwa gharama ambayo hakuna aliyeitaka, ina ujuzi mkubwa wa mifupa na viungo. Hospitali ya CBCA Ndosho huko Goma imewapasua majeruhi wa vita pamoja na timu za Msalaba Mwekundu. HEAL Africa ilianzishwa na daktari wa mifupa, Jo Lusi, na mkewe Lyn, na ilijengwa upya baada ya lava ya Nyiragongo kuiharibu Januari 2002. Kituo cha Shirika la Umoja hutengeneza miguu ya bandia na kuwafundisha watu kutembea tena. Anayejua kumrudisha kwenye miguu yake mtu aliyepigwa risasi ya paja anajua zaidi ya inavyohitajika kwa goti la mtelezaji. Kinachokosekana ni njia ya kutoka Bweremana hadi kwake, na hiyo ndiyo niliyoita mpango.

Wapo watakaosema, na watasema kwa uchungu wa haki, kwamba ni aibu kuzungumzia skii mahali ambapo watu wamezama wakienda sokoni. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma ikionekana kwa macho. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo watu walipanda. Makumi walikufa, na wengi hawakuwa na majaketi ya kuokolea. Nayachukua maneno hayo kwa uzito, na jibu langu ni kwamba kanuni za skii zinadai hasa vitu vile ambavyo abiria wa MV Merdi walivikosa. Hakuna anayevutwa kwenye maboya bila jaketi linaloelea. Boti haiendi bila dereva aliyepimwa na mtazamaji wa pili. Boti ya uokoaji hukaa tayari, na anayeanguka hutakiwa kutoa ishara ya mkono kuonyesha yuko salama, na asipoitoa, boti humrudia mara moja. Kundi la vijana lililozoea nidhamu hiyo ni kikosi cha uokoaji kilicho karibu, na ziwa hili halina vingi.

Kwa hiyo mpangilio wangu unaanza upande wa pili wa unaozoeleka. Kwanza boti ya uokoaji, majaketi, na mafunzo ya kuogelea na ya kumtoa mtu majini bila kumkunja shingo. Pili mtu mmoja wa Kirotshe anayejua kipimo cha goti, na makubaliano ya usafiri hadi Goma. Tatu mbao. Kwa kuvuta, ningependelea waya unaoendeshwa kwa umeme kuliko boti: Mjerumani Bruno Rixen alibuni njia hiyo miaka ya 1960, na aina yake ndogo ya nguzo mbili humvuta mtu mmoja kwenda na kurudi kwa mota ya umeme. Hakuna rafadha karibu na aliyeanguka, mwendo haubadiliki, na kitufe kimoja kinasimamisha kila kitu. Boti inayokimbia huku na huku kwenye ziwa la mpaka, wakati wa vita, itatiliwa shaka na wenye silaha; waya uliofungwa ghubani hautafanana na safari ya mtu yeyote. Upande wa pili wa maji, Rubavu nchini Rwanda iliandaa mashindano ya Ironman 70.3 mwezi Agosti 2022, wanariadha wakaogelea kilomita 1.9 katika Kivu hili hili, na ziwa halikumkataa mtu.

Na wa kwanza kufundishwa wasiwe lazima wenye miguu miwili. Skii ya kukaa, kiti kidogo kilichofungwa juu ya ubao mpana, imekuwa na mashindano yake ya dunia tangu miaka ya 1980, na kuna fani za waliokatwa mguu mmoja wanaosimama kwenye skii moja tu. Kiti hicho hakina kiatu cha kumsokota mtu goti, kinahitaji mwendo mdogo kuliko wa maboya, na fundi wa chuma wa Goma anayetengeneza baiskeli za walemavu anaweza kukichomelea kwa vipimo. Kwa injini ya farasi 34, kwa waya mfupi, kwa maji ya nyuzi 24, fani hii ndiyo inayoingia Bweremana kwa urahisi kuliko zote, na watu wa kuicheza, pamoja na mafundi wa viungo walioshughulika nao kwa miaka, tayari wanaishi kando ya ziwa hili.